Niligongwa na matatu pasipo na kivuko: je, nina haki ya kulipwa fidia?

Swali: Assalam aleikum, wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mahamri na mbaazi Kisauni, Mombasa. Jioni moja, kiza kikianza kuingia, nilikuwa navuka barabara kurudi nyumbani nikagongwa na matatu. Hapakuwa na milia ya kuvukia pale. Nilivunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto, nikalazwa hospitali ya Makadara, nikatiwa chuma, na huu ni mwezi wa nne natembea kwa magongo. Dereva anasema nilijitupa mbele ya gari. Mwenye gari amenitumia mtu na shilingi 40,000 na karatasi ya kutia sahihi. Askari mmoja ameniambia kwamba kwa kuwa sikuvukia kwenye milia, sina kesi. Je, ni kweli? Na kama nina haki, nianzie wapi, maana sina hati ya mshahara wala pesa ya wakili?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole sana kwa mguu, na pole kwa riziki iliyosimama. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni la wengi. Katika barabara za Kenya, watembea kwa miguu ndio wanaouawa kwa wingi kuliko watumiaji wengine wa barabara, na wanaonusurika mara nyingi huambiwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe, kwamba walikosea kuvuka na habari imekwisha. Haijaisha.

Jambo lisilongoja ni karatasi ya mwenye gari. Usiitie sahihi. Sijaiona hiyo yako, lakini nimezisoma nyingi za namna hiyo, na karibu zote zina sentensi moja katikati isemayo kwamba umepokea pesa hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena chochote kwa dereva, kwa mwenye gari wala kwa kampuni ya bima. Ukishatia sahihi, huo ni mkataba, na mahakama huutengua kwa nadra sana, mpaka uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulilazimishwa. Kifikirie hicho chuma kilichomo mguuni: huenda daktari akataka kukitoa siku za mbele, na operesheni hiyo peke yake yaweza kuzila hizo 40,000 zote kabla hujanunua hata dawa. Ikiwa mwenye gari ana nia njema ya kukupunguzia gharama za hospitali, pokea, lakini karatasi iseme hivyo tu: kwamba ni msaada wa matibabu, kiasi hiki, tarehe hii, na kwamba haki yako ya kudai fidia iko pale pale. Akikataa kuandika hivyo, utakuwa umejua alichotaka kukinunua kwa pesa zake.

Sasa nije kwenye neno la askari. Askari wa trafiki ana kazi ya kuchunguza kama dereva alitenda kosa la jinai, na akiridhika humpeleka mahakamani. Kesi hiyo ni ya Serikali dhidi ya dereva. Madai ya fidia ni kesi nyingine, yako wewe dhidi ya dereva na mwenye gari, na kipimo chake cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai, kwa kuwa hakimu hahitaji kuondolewa kila shaka. Anapima tu maelezo ya upande upi yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya kweli. Askari hana mamlaka ya kuamua nani alipwe na nani asilipwe, na huna haja ya kungoja kesi ya trafiki imalizike ndipo ufungue yako. Hata hivyo ifuatilie, kwa sababu dereva akitiwa hatiani, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 47A, huichukua hukumu hiyo kuwa thibitisho kamili kwamba alilitenda kosa hilo, na huo ni msingi mzuri wa kujengea madai yako.

Je, kuvuka pasipo na milia kunakuondolea haki? La. Kunaweza kukupunguzia, na tofauti kati ya kuondolewa na kupunguziwa ndiyo kiini cha jibu langu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaielekeza mahakama, pale mtu aliyeumia alipochangia ajali kwa uzembe wake mwenyewe, ipunguze fidia kwa kadiri ya mchango huo. Tuseme, kwa mfano tu, hakimu ameona unastahili shilingi 800,000, na ameona pia kwamba ulichangia kwa asilimia 30 kwa kuvuka bila kuangalia vya kutosha, utalipwa 560,000. Mawakili wa bima wanaijua hesabu hii vizuri, na ndiyo maana neno "alijitupa" hutamkwa mapema na hurudiwa mara nyingi. Kila asilimia wanayokubebesha ni pesa inayobaki kwao.

Kwa hiyo kazi yako si kuthibitisha kwamba hukukosea hata chembe. Kazi yako ni kuonyesha kwamba dereva angalikuepuka kama angaliendesha kama inavyompasa. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na hata mwendo huo unaweza kuwa mkubwa mno pale penye vibanda, watoto na watu wanaoshuka magari jioni. Dereva wa matatu anayepita njia hiyo kila siku hawezi kusema hakutarajia kumwona mtu barabarani. Anayeongoza chombo kinachoweza kuua ana wajibu mzito kuliko anayetembea na kikapu mkononi, na mahakama zetu zimekuwa zikiuzingatia uzito huo katika kugawa lawama, ingawa hazimwachi mwenda kwa miguu bila wajibu wowote.

Hapa nataka tuutazame mguu wako kwa karibu. Kenya magari hupita kushoto. Mtu anayesimama ukingoni na kuanza kuvuka barabara yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, magari ya njia ya kwanza humjia kutoka mkono wake wa kulia. Akishafika katikati na kuingia njia ya pili, humjia kutoka kushoto. Wewe umevunjika mguu wa kushoto. Ikiwa ndivyo barabara ilivyo pale, na ikiwa hukuwa umegeuka, basi inaelekea ulikuwa umekwisha kuivuka nusu ya barabara gari lilipokufikia, na mtu aliyekwisha kuvuka nusu ya barabara hakujitupa. Alikuwa mbele ya macho ya dereva kwa hatua kadhaa. Peke yake jambo hili halitoshi kushinda kesi, kwa sababu mtu anayestuka hugeuka, lakini likiungana na shahidi mmoja aliyeona na mchoro wa askari unaoonyesha gari liliposimama na mahali ulipoangukia, maneno ya dereva yatakuwa na kazi kubwa ya kusimama. Hakikisha kila karatasi ya hospitali inasema wazi ni mguu upi. Nimewahi kuona ripoti ambayo ukurasa wa kwanza unasema kulia na wa pili kushoto, na wakili wa upande wa pili alitumia karibu asubuhi nzima kumhoji mgonjwa juu ya hilo.

Hivyo ndivyo kesi hizi zinavyokwenda, dada yangu. Maumivu yako ni ya kweli, lakini hakimu hawezi kuyaona. Anaona makaratasi na kusikia mashahidi, na vyote viwili huanza kupotea tangu wiki ya kwanza. Miezi minne si kuchelewa, ila anza sasa.

Nenda kituo cha polisi kilichoshughulikia ajali ukaulize nambari ya OB, yaani nambari ambayo ajali yako iliandikiwa katika kitabu cha matukio. Kwa nambari hiyo omba ile hati ya muhtasari wa ajali ambayo sote huiita abstrakti. Ukipewa, usiikunje na kuondoka. Simama pale pale uisome: jina lako lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, mahali, namba ya gari, jina la dereva, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya cheti cha bima. Niliwahi kumhudumia mzee aliyegongwa akiwa amesimama kando kabisa ya barabara, kesi isiyo na ubishi wowote, lakini kwenye abstrakti yake herufi ya mwisho ya namba ya gari ilikuwa imeandikwa M badala ya N. Tulipotafuta rekodi, gari lenye M lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Kurekebisha herufi moja kulituchukua miezi. Na ukiona hati inasema tu kwamba uchunguzi unaendelea, usishtuke, haikuzuii kudai.

Fomu ya P3 ni ya polisi nayo, na hutolewa bila malipo. Daktari huijaza akieleza majeraha na uzito wake. Ikiwa yako bado iko tupu, ipeleke ijazwe kwa kutumia kumbukumbu za siku ulizolazwa, na uichukue pamoja na muhtasari wa kuruhusiwa hospitalini na picha za eksirei. Picha hizo zitunze vizuri mahali pasipo joto wala unyevu, na hasa ile iliyopigwa kabla hujatiwa chuma, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mfupa ulivyokuwa umevunjika. Baadaye utahitaji ripoti ya daktari kwa ajili ya kesi yenyewe, na hiyo ni afadhali iandikwe hali ya mguu ikishatulia, ili aweze kusema kama utapona kabisa, kama utabaki na ulemavu na wa kiasi gani, na kutoa chuma kutagharimu nini. Gharama hiyo ya baadaye lazima itajwe katika hati ya madai tangu mwanzo. Usipoitaja, mahakama haitakupa hata kama kila mtu anajua kwamba chuma kipo.

Mashahidi watafute kabla hawajahama. Yule jirani wa kibanda aliyekukimbilia, kijana wa bodaboda aliyesaidia kukubeba, andika majina yao na namba za simu, na mwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichokiona. Usimfundishe la kusema. Kama kuna aliyepiga picha kwa simu, simu hiyo isifutwe kitu, kwa kuwa picha za simu hupokelewa mahakamani zikiambatana na cheti cha mtu aliyezitoa kwenye chombo hicho, na wakili wako atakuandikia.

Sasa, nani wa kushtakiwa? Dereva, kwa kuwa ndiye aliyeendesha, na mwenye gari, kwa kuwa dereva alikuwa akimfanyia kazi. Usitegemee jina lililopo kwenye abstrakti peke yake. Fanya upekuzi wa gari kwenye rekodi za NTSA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mtandao wa Serikali, kwa ada ndogo, kwa sababu Sheria ya Trafiki humchukua aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Matatu huuzwa na kuuzwa tena bila majina kubadilishwa, na ikiwa aliyeandikishwa ni mmoja na anayekusanya hesabu ya kila siku ni mwingine, mara nyingi huwa salama kuwashtaki wote wawili.

Kampuni ya bima kwa kawaida haishtakiwi katika kesi ya kwanza, ila ndiyo inayolipa mwishoni. Sheria ya Bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu kama wewe, na inailazimu kampuni ilipe hukumu utakayoipata dhidi ya mteja wake, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari mwenyewe. Lakini haki hii dhidi ya kampuni ina sharti moja ambalo limewanyima watu wengi pesa zao: kampuni lazima iwe imepewa notisi ya maandishi kuhusu kesi. Ipeleke kabla ya kufungua kesi, pamoja na barua ya madai kwa mwenye gari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakisema dereva alikiuka masharti ya bima, kama vile kupakia abiria kupita kiasi au gari kuwa bovu, ujue kwamba mengi ya masharti hayo ni kati yao na mteja wao. Hayakuhusu wewe uliyekuwa ukienda kwa miguu.

Ikitokea kwamba gari halikuwa na bima, unabaki na mwenye gari na mali yake, ambayo mahakama yaweza kuagiza ikamatwe. Ikiwa kampuni ya bima imefilisika, jambo ambalo limetokea zaidi ya mara moja kwa kampuni zilizobeba matatu, kuna mfuko wa Serikali wa kuwafidia wenye bima na wanaodai, ingawa hulipa kwa kikomo.

Umesema huna hati ya mshahara, na nimehisi kwamba hilo linakutia unyonge. Lisikutie. Mahakama ya Rufani ilisema wazi katika uamuzi wa mwaka 2005 kwamba makaratasi si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu na kipato chake, kwa kuwa kusema hivyo kungewanyima haki Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuandika hesabu. Wewe una zaidi ya unavyodhani. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha pesa ulizowalipa wa unga, sukari, mafuta na nazi mwezi baada ya mwezi, na inaonyesha siku zilipokoma. Daftari la chama linaonyesha ulichokuwa ukichanga kila wiki na wiki uliyoshindwa. Risiti za ada za kaunti kwa kibanda, kama unazo, zinaonyesha ulikuwa mahali pale ukifanya biashara. Mteja wa kila asubuhi anaweza kuja kusema alikuwa akinunua nini. Taja faida, si mauzo yote, na utaje kiasi cha kweli. Hakimu anayeishi Mombasa anajua bei ya hamri moja, na ukizidisha kwa hilo moja atakutilia shaka kwa mengine yote.

Fidia yenyewe ina sehemu kadhaa. Fidia ya jumla ni ya maumivu, mateso na yale maisha yako yaliyopungua, na hapa hakimu hutazama hukumu za majeraha yanayolingana na yako, akizingatia kupanda kwa gharama za maisha. Hakuna jedwali la bei ya mguu, na mtu yeyote anayekutajia leo kiasi kamili utakacholipwa anakisia. Kisha kuna gharama ulizotoa, ambazo lazima zitajwe moja moja na kila moja ithibitishwe: matibabu, magongo, teksi za kwenda kliniki, msichana unayemlipa akusaidie nyumbani. Kwa hizo weka risiti, maana ankara huonyesha unachodaiwa na si ulicholipa. Kuna pia kipato ulichokosa tangu ajali na, ikiwa daktari atasema hutaweza tena kusimama mbele ya karai saa nyingi, upungufu wa uwezo wako wa kujitafutia huko mbele. Hili la mwisho usiliache. Kwa mtu anayekula kwa kusimama, mguu usioweza kusimama ni hasara itakayoendelea hata baada ya magongo kuwekwa kando.

Kuhusu mahali pa kufungua kesi, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria yake inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Hata hivyo majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya iwapo mahakama hiyo inaweza kusikiliza kesi za ajali ambazo lawama yake inabishaniwa, na yako itabishaniwa. Kwa mvunjiko uliotiwa chuma, pamoja na kipato na operesheni ya pili, nakushauri uende mahakama ya hakimu, polepole zaidi lakini juu ya ardhi imara.

Na wakili? Kwanza jihadhari na wale wanaozunguka wodini na vituoni wakichukua abstrakti za watu na kuwaahidi mamilioni. Hao si mawakili, na mara nyingi mgonjwa husaini karatasi asizozielewa kisha hajui hata kesi yake ilifunguliwa wapi. Karatasi zako za asili zisitoke mikononi mwako ila kwa wakili uliyemwona ofisini na ambaye jina lake umelihakiki kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria. Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya kwamba wakili alipwe tu ukishinda, au achukue fungu fulani la fidia; ukisikia maneno hayo, uliza maswali. Mweleze waziwazi hali yako, mpatane kwa maandishi jinsi ya kulipa gharama za kufungua kesi na ada ya daktari, na umwambie kwamba siku pesa zitakapoingia kwenye akaunti yake utataka hesabu iliyoandikwa. Usipoweza kabisa, nenda kwa shirika liitwalo Kituo cha Sheria, ambalo lina ofisi Mombasa, au kwenye huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, wakutazamie. Ukishindwa kesi, gharama za upande wa pili zinaweza kukurudia, kwa hiyo muulize wakili akueleze udhaifu wa kesi yako kabla hajakueleza nguvu yake.

Muda wako ni miaka 3 kuanzia siku ya ajali. Lingekuwa gari la Serikali, ungekuwa na miezi 12 tu. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi siku, hata yakiwa mazuri namna gani, na wengine huyavuta makusudi mpaka mwaka wa tatu upite. Andika tarehe ya ajali ukutani jikoni, chini yake uandike tarehe hiyo hiyo miaka 3 mbele, na uhakikishe hati ya madai imepokelewa mahakamani miezi mingi kabla ya hiyo ya pili. Kesho, ukiweza kupanda tuktuk, anza na ile nambari ya OB.